Kabla hujasaini kupasuliwa kwa sababu ya mkojo unaovuja

Wanawake wanaoniuliza kuhusu upasuaji huu huanza na bei. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: dada yangu, mkojo wako unavuja namna gani? Kama unatokwa ukikohoa, ukicheka, ukiinua mzigo au ukiruka kutoka kwenye matatu ambayo haijasimama vizuri, basi tunazungumza lugha moja. Kama unabanwa ghafla na unashindwa kufika chooni, hilo ni tatizo jingine lenye dawa zake, na kisu chaweza hata kulizidisha. Wapo walio na yote mawili. Na kama unavuja usiku na mchana bila kukoma, hasa baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hapo usikae kunisoma, nenda ukapimwe.

Mimi nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Kazi yetu ni kuinama, kuvuta na kuinua, na kila niliposukuma robota la nguo pedi ililowa. Nilikuwa najifunga leso juu ya sketi hata jua likiwaka.

Daktari yeyote anayekupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji, mkimbie. Kwanza kuna mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoikaza ukizuia ushuzi kanisani. Angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa miezi 3, ukiwa chini ya mtu wa fiziotherapia. Usiyadharau kwa sababu ni ya bure. Wengi wetu husukuma chini badala ya kukaza kwenda juu, kisha tunasema hayafanyi kazi. Ndiyo maana anayejua lazima akuangalie. Wengine hupona hapo hapo. Kupunguza uzito, kutibu kikohozi kisichoisha na kuepuka choo kigumu pia husaidia. Mimi nilipata nafuu, lakini marobota yalinishinda.

Vipimo havitishi, vinatia aibu tu. Mkojo hupimwa kuona kama una maambukizi, na unaandika kwa siku 3 unakunywa nini na unakojoa mara ngapi. Kisha kibofu kikiwa kimejaa unaambiwa: mama, kohoa. Nikakohoa mbele ya daktari na nesi, tone likaonekana, na wao wakaandika kana kwamba nimetaja jina langu.

Sasa upasuaji wenyewe. Kuna utepe wa plastiki unaowekwa chini ya mrija wa mkojo ili kuushikilia unapokohoa. Ulianzishwa na daktari wa Sweden, Ulf Ulmsten, miaka ya 1990, ukaenea haraka kwa sababu vidonda ni vidogo na unarudi nyumbani mapema. Wengi umewafaa. Lakini wengine walipata maumivu yasiyoisha, au utepe ukatokeza ukeni, na kuutoa wote ni kazi ngumu. Julai 2018 Uingereza iliusimamisha. Ukiambiwa ni kitu kidogo tu, uliza jinsi utakavyotolewa ukikusumbua na nani atautoa.

Njia nyingine ni nyuzi zinazoinua shingo ya kibofu na kuifunga nyuma ya mfupa wa kinena. Hiyo imekuwepo tangu 1961. Kuna pia sindano za kujaza kuta za mrija, nyepesi zaidi, ila nguvu yake hupungua na huenda zikarudiwa. Mimi nilichagua njia ya kukata ukanda wa utando wa tumbo langu mwenyewe na kuutumia mahali pa plastiki. Nilitaka kitu changu mwilini. Gharama yake ni kidonda kikubwa tumboni, na hatari ya mkojo kugoma kutoka.

Kwangu uligoma. Baada ya kutolewa katheta, mpira wa kutoa mkojo, nilipewa jagi nikojoe, kisha nesi akapima kwa altrasaundi kilichobaki. Kilikuwa kingi. Nikafundishwa kujipitishia mpira mwembamba, nikaenda nao nyumbani hadi kibofu kilipozoea. Jambo hili liulizwe mapema, pamoja na hili: daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, na mambo yakienda kombo ataanzia wapi?

Kama bado unataka watoto, ni bora usubiri, maana ujauzito na uzazi vyaweza kuharibu kazi yote. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, wakuambie kwa maandishi watalipa nini na nini kitatoka mfukoni mwako. Mume naye aelezwe kabla, si baada: kwa muda wa karibu wiki 6 hakuna tendo la ndoa wala kuinua kitu kizito. Homa ikipanda, mkojo ukikataa kabisa, au uchafu wenye harufu ukitoka, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Marobota nimewaachia vijana wa mkokoteni, na nawalipa vizuri.