Mikusanyiko ya Johnny Mathis: nianze na upi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba yangu alizipenda sana nyimbo za taratibu za mwimbaji wa Marekani Johnny Mathis, nami nimerithi mapenzi hayo bila kurithi santuri hata moja. Kila nikitafuta nakutana na mikusanyiko mingi ya nyimbo zake bora, yenye majina yanayokaribiana. Rafiki yangu anashikilia kwamba mkusanyiko ni njia tu ya kampuni kuuza mara ya pili kilichokwisha kuuzwa, na kwamba ninunue albamu kamili. Je, ni kweli? Nianze na upi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na Johnny's Greatest Hits, uliotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1958. Hoja ya rafiki yako inaihusu mikusanyiko mingi, ila kwa huu amekosea, na kosa lake linatokana na kusahau jinsi muziki ulivyouzwa siku zile. Nyimbo zilizompa Mathis umaarufu, kama vile "Wonderful! Wonderful!", "It's Not for Me to Say" na "Chances Are", zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, wakati albamu zake za santuri kubwa zilibeba nyimbo nyingine kabisa. Kwa hiyo aliyenunua albamu zake zote kwa uaminifu bado angezikosa nyimbo zilizokuwa zikisikika redioni kila siku. Mkusanyiko huo wa nyimbo 12 ndio uliozileta pamoja, na mara nyingi hutajwa kuwa wa kwanza wa aina yake kuitwa kwa jina hilo la nyimbo bora. Ulikaa wiki 490 katika chati za albamu za jarida la Billboard, rekodi iliyodumu hadi ilipopitwa na albamu ya kundi la roki la Pink Floyd mwaka 1983.

Muhimu zaidi kwangu ni sauti yenyewe. Mathis, aliyezaliwa Texas mwaka 1935 na kukulia San Francisco, alifundishwa uimbaji tangu utotoni, na pia alikuwa mrukaji hodari wa kuruka juu, kiasi cha kualikwa kwenye majaribio ya kuchagua timu ya Marekani ya Olimpiki ya mwaka 1956. Akachagua kwenda New York kurekodi. Albamu yake ya kwanza ilikuwa ya jazi na haikuuzika vizuri. Mtayarishaji Mitch Miller ndiye aliyemwelekeza kwenye nyimbo laini za mapenzi, na Ray Conniff akampangia okestra inayomsindikiza bila kumfunika. Waimbaji wa mtindo huu hutegemea kipaza sauti kilicho karibu na midomo, ili hata mnong'ono usikike. Mathis aliongeza jambo ambalo wengi wao hawakuwa nalo: huipandisha sauti hadi juu kabisa, akaipunguza pale pale juu mpaka ikawa kama uzi, na isikatike. Sikiliza "The Twelfth of Never", ambao lahani yake imetokana na wimbo wa jadi wa Kiingereza, kisha "Wild Is the Wind", ulioandikwa kwa ajili ya filamu ya mwaka 1957, na utaelewa ninachokisema.

Yapo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. "Misty" haumo, kwa kuwa ulitoka mwaka 1959 katika albamu ya Heavenly, ambayo ningekushauri uinunue kwa ukamilifu wake. Hapo rafiki yako atakuwa na haki. Vilevile hutaukuta "Too Much, Too Little, Too Late", alioimba na Deniece Williams na kushika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1978. Iwapo huo ndio wimbo wa baba yako, tafuta mkusanyiko wa miaka ya baadaye, na usome orodha ya nyimbo mgongoni mwa jalada badala ya kuliamini jina lililoandikwa mbele.