Kwa mwanangu: uvimbe walioita wa wasichana

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza: ikiwa daktari amesema uvimbe wa namna hii kwenye kongosho ni wa wasichana, umekufikiaje wewe, na je, homoni zako zina kasoro? Najua hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo naanza nalo. Hapana, baba. Uanaume wako haujapungua kitu. Shangazi yako ameshaanza habari za kuku wa kisasa. Mwache na kuku wake.

Huo unaitwa uvimbe wa Frantz, kwa jina la Virginia Frantz, mwanapatholojia wa Marekani aliyeueleza mwaka 1959. Ni nadra sana. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wa miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Daktari wako basi hesabu anaijua, kauli tu ndiyo imemshinda. Wanaume wanaoupata huwa wamewazidi wanawake umri kwa miaka kadhaa.

Kwa nini wanawake? Seli zake kweli huwa na vipokezi (sehemu za seli zinazonasa homoni) vya projesteroni, homoni ya kike, ndiyo maana watu hukimbilia kusema homoni. Lakini vipokezi hivyo hukutwa hata kwenye uvimbe wa wanaume. Hitilafu yenyewe iko kwenye jeni ya protini iitwayo beta-katenini, na ni ileile kwa mwanamke na mwanaume. Huzuka ndani ya seli za uvimbe na kwa kawaida hairithiwi, kwa hiyo ule ubishi wa upande wangu au wa baba yako uishie hapo. Wapo wanaosema asili yake ni seli zilizopotea njia mtoto akiwa tumboni, wakati kongosho na chimbuko la ovari vinapokaa jirani. Mimi dhana hiyo hainishiki. Ingekuwa hivyo tu, wewe ungeingiaje?

Utasoma pia kwamba kwa wanaume huwa mkali zaidi. Neno hilo lilitokana na taarifa za wagonjwa wachache, na walipokusanywa wengi halikusimama imara. Tiba ni moja: kuukata wote. Wakishafanyiwa hivyo, zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye. Wachache huwarudia au husambaa, hasa kwenye ini, ndiyo maana utapigwa picha kwa miaka mingi hata ukijiona mzima.

Mimi kinachonisumbua ni kingine: kwa mwanaume, ugonjwa huu haufikiriwi. Kwa wasichana CT skani mara nyingi huonyesha bonge lenye sehemu ngumu na damu ndani. Kwa wanaume huwa gumu zaidi, na likadhaniwa uvimbe wa seli zinazotengeneza homoni, ambao matibabu yake na ufuatiliaji wake ni tofauti. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Jibu la maabara huletwa na mtu, na mtu huona anachokitarajia. Kwa hiyo uliza, kwa adabu lakini uliza: je, kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe kimepakwa rangi ya kuangalia beta-katenini? Kwenye uvimbe huu protini hiyo huonekana imeingia hadi kwenye kiini cha seli.

Halafu wengu. Uvimbe wako uko mkiani mwa kongosho, na wengu uko papo hapo. Huenda wakautoa pamoja. Waambie wakupe chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Baada ya hapo, baba, chandarua kila usiku, na homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, maana asiye na wengu malaria humwelemea upesi. Usininywee panadol ukasubiri kukuche.

Wakikupangia tarehe ya kulazwa nipigie, hata iwe usiku. Nauli ninayo, na nitakaa mpaka mrija wa kutoa majimaji tumboni utoke.

Mama yako