Nyota 13 peke yake hazithibitishi kwamba bendera ni ya mwaka 1777

Mkuu, umeuliza kama kweli bendera ya Marekani yenye nyota 13 unayouziwa ni ya enzi za vita vya uhuru, kama muuzaji anavyoapa. Hata kabla ya kuiona nakujibu: uwezekano ni mdogo sana. Nimekusanya bendera za kale kwa miaka mingi, na hizo za nyota 13 ndizo ninazoletewa zaidi, kila moja na hadithi yake ya babu aliyepigana.

Muundo huo, nyota moja kwa kila jimbo, ulipitishwa tarehe 14 Juni 1777, hapo hajakosea. Ila haukukomea enzi hizo. Jeshi la majini la Marekani liliendelea kupeperusha nyota 13 kwenye mashua zake ndogo hadi 1916, kwa sababu ukirundika nyota nyingi kwenye kitambaa kidogo hazionekani kwa mbali. Mwaka 1876 nao, nchi ilipotimiza miaka 100, zilitengenezwa nyingi za kumbukumbu. Kwa hiyo nyota zinakuambia bendera haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Hazikuambii kwamba haikushonwa juzi.

Mimi naanza na mshono. Cherehani zilianza kuenea miaka ya 1850, kwa hiyo milia ikiwa imeungwa kwa mashine, habari za George Washington zisahau. Nyota zilizoshikizwa kwa zigizagi kwa kawaida ni za miaka ya 1890 na kuendelea. Kisha kitambaa. Bendera za melini na ngomeni nyingi zilikuwa za sufu nyepesi, za gwaride hariri, na vibendera vya kupunga pamba iliyopigwa chapa. Ukikuta nailoni, hiyo haikuwapo sokoni kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1930. Halafu ingia gizani na taa ile ya kukagulia noti. Kinachowaka weupe wa kibuluu kina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Usihukumu haraka lakini: bendera ya kale iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo huwaka, na uzi unaowaka mahali pamoja tu huenda ni wa kiraka. Ukiwaka mshono wote unaoshikilia nyota, kazi imekwisha.

Kuhusu uadimu, wengi hudhani bendera iliyodumu muda mfupi lazima iwe adimu. Ile ya nyota 49 ilidumu mwaka mmoja tu, kuanzia 4 Julai 1959, na bado imejaa minadani kwa sababu viwanda vilizichapa kwa wingi. Ninayoipenda mimi ni kisa cha nyota 42. Novemba 1889 majimbo manne yalijiunga, idadi ikapanda kutoka 38 hadi 42, na watengenezaji wakawahi kushona. Kisheria nyota mpya huanza kutumika 4 Julai inayofuata. Idaho ikaingia tarehe 3 Julai 1890! Bendera rasmi ikawa ya nyota 43, na wiki moja baadaye Wyoming nayo ikajiunga, basi ni wachache waliojisumbua kushona za 43. Leo ile isiyowahi kuwa rasmi unaipata bila shida, iliyo rasmi utaitafuta mpaka uchoke.

Nje ya Marekani uwanja ni mpana. Ipo ya Zanzibar yenye karafuu mbili, ya Desemba 1963 hadi mapinduzi ya Januari 1964, na ipo ya Uingereza ya kabla ya 1801, isiyo na msalaba mwekundu wa mshazari. Za Romania za mapinduzi ya Desemba 1989, zilizokatwa nembo ya kikomunisti katikati, ziogope: mtu yeyote mwenye mkasi na bendera ya zamani anaweza kukutengenezea. Zile za askari wa Japani wa Vita vya Pili vya Dunia zilizojaa majina yaliyoandikwa kwa wino sinunui kabisa. Wapo watu wanaozirudisha kwa familia, na naona ndiko zinakostahili kwenda.

Ukishanunua, usifue, rangi zitachuja. Usikunje pia, maana hariri ya zamani mara nyingi ilitiwa chumvi za madini ili iwe nzito, na hupasukia kwenye mikunjo. Iviringishe kwenye bomba la karatasi isiyo na asidi, mbali na mwanga. Na usimkatie mtu kipande cha ukumbusho: bendera kubwa ya ngome ya Fort McHenry ya mwaka 1814, iliyoko kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, ilikuwa na urefu wa futi 42, leo imebaki takribani 34, sehemu kubwa kwa sababu ya ukarimu wa namna hiyo.

Kwa sasa mwombe muuzaji picha za karibu za pindo la upande wa mlingoti na za nyota moja, mbele na nyuma. Akikataa, achana naye.