Farasi hajui kama leo ni siku kubwa

Siku ya shindano langu la kwanza la kuruka viunzi nilifika zizini saa kumi na moja alfajiri, usingizi sijaupata hata lepe. Yule farasi jike niliyepewa nimpande alikuwa amesimama anasinzia, kwato moja ya nyuma kaikunja kidogo, mdomo wa chini unaning'inia. Yeye alilala vizuri. Kwake ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine, na nyasi zilikuwa zimechelewa.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza sasa, na zaidi wale wanaotokea kule nilikotokea mimi, kwenye usaisi, kazi ya kuwatunza farasi wa wengine. Kwa miaka sita huku Karen, Nairobi, nilizoa samadi, nikachota maji, nikawatandikia wengine wakapanda. Nilipoambiwa nitashindana mwenyewe, nikajitwika mzigo ambao sikutumwa na mtu: kuwaonyesha watu wote kwamba saisi naye anaweza. Mwalimu alisema neno moja tu, "Maliza mzunguko." Mimi masikio yangu yakasikia "Shinda."

Basi kengele ikalia. Baada ya kengele unapewa sekunde 45 za kujipanga kabla saa haijaanza kukuhesabia. Mimi nikaondoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hatamu nimezivuta mpaka vidole vinauma, pumzi nimeifungia kifuani tangu langoni. Farasi akainua kichwa, mgongo ukakakamaa, na kiunzi cha kwanza tu ufito ukaanguka: makosa manne, yaani pointi nne za adhabu. Cha nne akagoma: manne mengine, na angegoma tena tungekuwa nje. Hakugoma. Niliyetutoa nje ni mimi, maana cha sita sikukiona kabisa, nikaenda kuruka cha nane.

Nilimlaumu farasi kwa wiki nzima, nasema kweli. Halafu mwalimu akanisimulia jaribio walilolifanya watafiti wa Sweden, likachapishwa mwaka 2009. Watu waliambiwa wapite na farasi mahali fulani mara nne, na kwamba mara ya nne mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini katika ule mzunguko wa nne mioyo ya watu ilipiga mbio zaidi, na ya farasi wao vilevile, ingawa farasi hawakuwa na habari ya mwavuli wowote. Pale ndipo nilipoelewa nilichomfanyia yule jike. Siku kubwa nilikuwa nayo mimi kichwani, nikampelekea kwa njia ya hatamu na mapaja.

Kwa hiyo mtu akikuambia "usiogope", mshukuru, kisha endelea kuogopa. Woga haukatazwi. Ila tafuta kazi ya kuupa.

Kazi nzuri kuliko zote ni kuukagua uwanja kwa miguu kabla ya kupanda. Wageni wengi wanapita pale kama watalii, wanaangalia urefu wa viunzi na kumeza mate. Usiangalie urefu, hesabu hatua. Farasi akienda thelathi, ule mwendo ulio kati ya mbio ndogo ziitwazo matiti na mbio kali za shoti, hatua yake moja ni kama mita 3.6, yaani hatua zako nne ndefu. Hesabu hatua zako kutoka kiunzi hadi kingine, toa mbili za kutua na mbili za kujiandaa kuruka, kinachobaki gawanya kwa nne. Ukipata hatua 24 za mguu wako, farasi anahitaji tano katikati. Rudia mpaka uweze kufumba macho na kuupita mzunguko wote ukinyoosha kidole. Kichwa kinachohesabu hakina nafasi kubwa ya kujiuliza watu watasema nini. Na hao watu, nikupe siri: nusu wanawaza farasi wao wenyewe, nusu wako kwenye simu.

Kwenye uwanja wa kupasha moto usiruke sana. Viunzi vichache vinatosha. Nimeona watu wakiruka ishirini kwa wasiwasi, wakaingia na farasi aliyekwisha choka.

Pumzi ndiyo iliyonisumbua muda mrefu zaidi. Kuvuta na kutoa kwa kuhesabu nilikuwa nasahau mara tu ninapopita langoni. Kilichonisaidia ni kuimba, tena kwa sauti ya kutoka, si kimoyomoyo, kwa sababu huwezi kuimba huku umeizuia pumzi. Mimi huimba wimbo wa chekechea. Majaji wamezoea.

Na lengo, liwe kitu kilicho mikononi mwako. "Nitashinda" hakiko mikononi mwako. Kuna wengine kumi na tatu na farasi kumi na wanne wenye maoni yao. "Nitaangalia kiunzi kinachofuata kabla sijatua" hicho kiko. Chukua kimoja, viwili vikizidi. Na kula kitu, hata kama ni chai na ndizi. Tumbo tupu linatetemeka, nawe utadhani ni woga.

Juzi niliangusha fito mbili, makosa manane, nikawa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne. Nikalegeza mkanda wa tandiko, nikamtembeza jike mpaka pumzi yake ikatulia, nikammwagia maji miguuni. Saisi wake, kijana aliyeanza mwaka huu, akaniuliza kama kile kiunzi cha sita ni kirefu kweli kama kinavyoonekana kutoka nje. Nikampa saisi mwenzake amshike farasi, nikamwambia twende tukakihesabie hatua kabla hawajaking'oa.