Amsterdam hadi London: ni saa 1 na dakika 20, si dakika 20

Tiketi ya ndege ikionyesha unaondoka Amsterdam saa 4:00 asubuhi na kutua London saa 4:20, usidhani safari ni ya dakika 20; tiketi haijakosewa. Hiyo inatokana na tofauti ya saa: Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Kwa hiyo safari ni saa 1 na dakika 20, na ukirudi utaona kinyume chake, saa 4:00 mpaka 6:20. Tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima, maana nchi zote mbili husogeza saa Jumapili ileile, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba.

Umbali kutoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, hadi Heathrow, uwanja wa ndege wa London, ni kama kilomita 370 tu kwa mstari wa moja kwa moja. Angani kwenyewe unakaa dakika 45 hadi 55 hivi, hata chai hujaimaliza wanakusanya vikombe. Muda uliobaki unaliwa ardhini. Schiphol wana njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba ndege inaweza kutembea robo saa na zaidi kabla ya kupaa. Na Heathrow kukiwa na foleni mtazungushwa angani kwanza kabla ya kuruhusiwa kutua.

Kama una treni ya kuunganisha London, usihesabu kuanzia 4:20. Pasipoti na mizigo vina muda wake.