Maombi ya sola: programu ipi itufae?

SWALI: Hujambo Mama Mhandisi. Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya kufunga sola hapa Ngara, Nairobi. Tangu kanuni za 2024 zitoke, wateja wengi wanataka kuunganishwa na gridi ili stima ya ziada ihesabiwe kwenye bili zao. Maombi yao nayaandika kwenye Excel, stakabadhi nyingi ziko WhatsApp, nyingine ziko kwenye faili za bosi. Mteja akipiga simu kuuliza maombi yake yamefika wapi, nababaika. Bosi anataka tununue programu kutoka Marekani ambayo kampuni za umeme za huko hutumia. Binamu yangu ni mwanaprogramu, naye anasema atatutengenezea yetu. Tushike lipi? – Karani, Ngara

JIBU: Sijambo, mwanangu, na nimefurahi kwamba aliyeuliza ni karani, maana wewe ndiwe unayejua kila faili limelala wapi.

Nianze na ya Marekani. Programu za aina hiyo, kama vile PowerClerk, zilitengenezwa kwa ajili ya anayepokea maombi, yaani kampuni ya umeme au mwenye kusimamia mpango. Ninyi mnapeleka. California ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa ruzuku za sola mwaka 2007, lengo likiwa megawati 1,940, aliyehitaji msaada zaidi alikuwa yule wa upande wa pili wa dirisha, anayemiminikiwa na fomu. Kazi yake kubwa ni kuchuja. Kwa mfano, kuna kigezo kinachotumika sana huko: mtambo mpya, ukijumlishwa na mingine iliyo kwenye kipande kilekile cha laini ya umeme, usipozidi asilimia 15 ya mzigo wa juu kabisa wa kipande hicho (yaani stima nyingi zaidi inayowahi kutumiwa hapo kwa wakati mmoja), maombi yanaweza kupita njia ya haraka bila uchunguzi mrefu. Ili programu ifanye hesabu hiyo lazima iwe na takwimu za laini na transfoma. Ninyi mlio Ngara hamna takwimu hizo wala hamtapewa. Kwa hiyo mwambie bosi kwa heshima kwamba atalipia dola nyingi kwa vyumba ambavyo hamtaingia.

Binamu yako basi. Lakini asiandike hata mstari mmoja kabla hujafungua maombi yote yaliyowahi kurudishwa na kuandika kando ya kila moja lilirudi kwa nini. Orodha hiyo ndiyo ramani ya programu yenu. Naweza kubashiri kitakachoongoza, kwa sababu nimekaa kwenye meza ya maombi miaka mingi: jina la mita.

Nairobi hii mtu hununua nyumba Buruburu, akaishi, akalea watoto hapo, na mita bado iko kwa jina la aliyemuuzia. Au iko kwa jina la marehemu baba, na kesi ya urithi haijakwisha. Au kwa jina la kampuni iliyojenga mtaa mzima. Mteja anakuletea kitambulisho chake na hatimiliki yake, vyote safi, fundi anapanda paa, paneli zinafungwa, kisha maombi yanarudi kwa kuwa mwombaji na mwenye mita ni watu wawili. Pesa zishatoka, na mteja anakulaumu wewe. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye fomu yenu lisiwe "Jina lako nani?" Liwe "Mita imesajiliwa kwa jina la nani?" Majina yakitofautiana, programu isiruhusu faili kusonga mbele hadi jina la mita libadilishwe. Wala fundi asipangiwe siku ya kwenda.

La pili ni nambari ya mita yenyewe. Zile za tokeni zina tarakimu 11, na ya mwisho ni ya kukagua zile zilizotangulia, kwa hesabu ileile inayotumika kwenye kadi za benki. Binamu yako anaijua, inaitwa Luhn. Karani akigeuza 6 na 9 kwa kuchoka, fomu imwambie papo hapo. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, nayo ina umbo lake: herufi A kwa mtu binafsi au P kwa kampuni, tarakimu tisa, halafu herufi. Hizi ni kazi za asubuhi moja, na zitawaokoa wiki nzima za kwenda na kurudi.

La tatu ni ukubwa wa mtambo. Msiwe na kisanduku kimoja cha "ukubwa wa mfumo". Chukua nyumba yenye paneli 12 za wati 550: hizo ni kilowati 6.6. Inveta yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe stima ya nyumbani, ni ya kilowati 5. Mmoja ataandika 6.6 kwenye fomu, mchoro utasema 5, na mwenye kusoma ataona mambo mawili yanayopingana. Wekeni visanduku viwili, cha paneli na cha inveta, na aina ya inveta ichaguliwe kwenye orodha badala ya kuandikwa kwa mkono. Hilo California walilifanya zamani: tume yao ya nishati huweka orodha ya vifaa vilivyokubaliwa. Kuna sababu nzito nyuma yake. Inveta isiyojizima stima ya laini inapokatika inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa.

Wekeni pia leseni ya fundi kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, daraja T3 kwa mitambo ya kuunganishwa na gridi, pamoja na tarehe ya kuisha kwake, ili programu iwakumbushe mapema.

Sasa ile simu inayokubabaisha. Neno "inashughulikiwa" lifuteni kabisa. Halimwambii mteja kitu. Kila faili lionyeshe liko mikononi mwa nani, linasubiri nini na tangu lini: "Tunasubiri picha ya mita kutoka kwako tangu Jumanne." Mteja atumiwe ujumbe huo kwa SMS, kwa sababu si kila mzee wa Kayole atapakua programu yenu. Nalisisitiza hili kwa kuwa kuchelewa kunamgharimu. Kanuni zinampa nusu ya yuniti anazopeleka kwenye gridi: akipeleka 100, anahesabiwa 50. Asipounganishwa, stima ya saa sita mchana, wakati nyumba nzima iko kazini na shuleni na betri imejaa, haimsaidii chochote.

Kinachoniudhi katika barua yako ni hizo stakabadhi za WhatsApp. Vitambulisho, PIN na hatimiliki za watu ziko kwenye simu za mafundi, na fundi akiacha kazi anaondoka nazo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kampuni yenu inawajibika hata kama ni ya watu watano. Mteja apewe kiungo cha kupakia stakabadhi moja kwa moja kwenye mfumo, kisha zile za simu zifutwe mbele yako.

Na binamu alipwe. Mwandikiane kwamba data ni ya kampuni na inaweza kutolewa yote kwenye jedwali la kawaida siku yoyote mtakayotaka. Undugu usiwe sababu ya kuacha hilo.

SWALI: Fundi anayenifungia sola ameomba nywila ya barua pepe yangu ili ajaze maombi na kupokea majibu kwa niaba yangu. Anaonekana mtu mwema. Nimpe? – Mama wa Donholm

JIBU: Usimpe, dada yangu, hata akiwa malaika. Mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila akaunti yako, pamoja na ya benki. Mwandikie barua ya kumpa idhini ya kukuwakilisha, atumie akaunti yake mwenyewe, na anwani yako iwekwe ya pili ili kila jibu likufikie nawe. Kama ulishampa, badilisha nywila leo.