Shangazi, nikishahamia ndiyo nitafurahi?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Kimara, Dar es Salaam, nafanya kazi Posta. Mimi na mume wangu tunajenga Kibaha, tumefika kwenye lenta. Tangu tuanze, akili yangu iko kule kule: nondo, saruji, fundi. Kwenye mwendokasi napiga hesabu, jikoni napiga hesabu. Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la kwanza alikuwa ananisimulia mambo ya shule, mimi naitikia tu "eeh, eeh", macho kwenye picha alizotuma fundi. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Mama, nimesema nini?" Sikuwa na jibu. Mume wangu yeye Jumapili anakaa barazani na chai yake, anacheka na majirani kama vile hatujengi. Ananiudhi! Najiambia tukihamia nitatulia, nitafurahi. Lakini siku zinapita na sizionji. Nifanyeje? Au nifute WhatsApp?*
*Mama wa Kimara*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mumeo, maana najua hapo ndipo ulipotega sikio. Kama fungu lake la ujenzi anatoa, na fundi anamjua kwa sura, mwache na chai yake. Kucheka kwake Jumapili hakujapunguza tofali hata moja. Kama hatoi, hiyo ni barua nyingine kabisa, niandikie.

Sasa wewe. Sikwambii uache kuwaza nyumba. Anayejenga kwa mshahara ana kila sababu ya kuwaza: leo bei ya bati hii, kesho nyingine, na fundi asipoangaliwa saruji inaota miguu. Ninachokikataa ni hilo neno "tukihamia". Kabla ya lenta ulikuwa unasemaje? Nadhani ulisema mkipata kiwanja. Mkapata. Furaha yake ilikaa siku ngapi kabla hujaanza kuwaza msingi? Mkishapaua kuna lipu, kuna madirisha, kuna umeme, kuna shimo la choo, kuna uzio. Na siku ukilala Kibaha kwa mara ya kwanza, utalala unawaza asubuhi utafikaje Posta.

Mwaka 1978 huko Marekani, mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake walitoa utafiti ambamo waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine 22 wa maeneo hayo hayo ambao hawakushinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwazidi wenzao furaha kwa kiasi cha kutajika. Hapo ndipo wengi huishia kusimulia. Mimi kilichonikaa ni swali jingine waliloulizwa: unafurahia kiasi gani kuongea na rafiki, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, kusifiwa? Washindi ndio walioyafurahia kidogo kuliko wenzao. Watu 22 ni wachache, nakubali, lakini ukiniambia furaha inakusubiri Kibaha, nawakumbuka hao. Hela iliingia, chai ya asubuhi ikapungua utamu.

Na hii ya kupiga hesabu huku unapika, nayo imeshachunguzwa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya watu 2,250 waliokuwa wanaulizwa kwa simu, saa yoyote ile: unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu nusu ya mara walizoulizwa, mawazo yao hayakuwa kwenye walichokuwa wanakifanya, na hapo furaha yao ilikuwa chini zaidi. Hata waliokuwa wanawaza mambo mazuri hawakuwapita waliokuwa na akili kwenye kazi iliyo mbele yao. Kwa hiyo ukikaa jikoni unaota sebule ya marumaru, humzidi kitu mwenzako anayemenya vitunguu na akili yake iko kwenye vitunguu.

Mpe fundi saa yake. Mwambie picha zote atume saa tatu usiku, mtoto ameshalala. Likitokea la dharura apige simu. Hesabu zitoe kichwani uzitie kwenye daftari, na mzifungue Jumamosi mkiwa wawili, barazani hapo hapo, huku na wewe una kikombe chako. Nyingi ya hizo hesabu unazirudia rudia kwa sababu unaogopa kuzisahau.

Mwendokasi sikugusi. Wapo watakaokushauri uvute pumzi na kutabasamu humo ndani. Hao hawajawahi kubanwa mlangoni saa kumi na moja jioni, kwapa la mtu likiwa usoni. Kama ni lazima upige hesabu, pigia humo.

Ila ukishavua viatu nyumbani, mpaka mtoto alale, huo muda ni wa hapo. Na usimwitikie "eeh". Muulize linalofuata: "Halafu mwalimu akasemaje?" Swali hilo huwezi kuliuliza kama hukusikiliza, ndiyo maana nakupa hilo. Siku za mwanzo mkono utaitafuta simu wenyewe, na hadithi ya nani kamnyang'anya nani kifutio itakuchosha. Akili ikitoroka, irudishe, usijigombeze. Na leo hii kabla hujafanya lolote, mwambie: "Ile siku sikukusikia, nisimulie tena." Wa umri wake hawaweki kinyongo, ila atakusimulia mara mbili.

Jambo moja sitaki ulipitie haraka. Umesema siku huzionji. Kama hata chakula hakina ladha, usingizi umekukimbia au unalia bila sababu, na hali hiyo imeshapita wiki mbili, usihangaike na daftari langu. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Nenda hospitali ya wilaya au Muhimbili, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

WhatsApp usiifute, kundi la wazazi wa darasa utalihitaji siku wakibadilisha tarehe ya mtihani. Zima milio ya makundi yote, na simu ichajiwe chumbani wakati mnakula. Lile la ukoo unaweza kulinyamazisha moja kwa moja. Kukiwa na msiba watakupigia, na michango hawatasahau kukudai.